Maji ya Ijumaa

Nilipofika asubuhi ile, maiti alikuwa bado hajaoshwa. Alilazwa chumbani mwake, amefunikwa leso, na kiyoyozi kinanguruma ukutani juu ya miguu yake. Nyumba ya Halati Zena ina vyumba, ina ukumbi mrefu, ina roshani inayotazama bahari, lakini wanawake wote walikuwa wamejibana humo ndani kwa sababu ndimo mlimokuwa na baridi. Bibi mmoja wa mtaa wa pili, simjui jina wala sina haja nalo, alijifuta shingo kwa ncha ya buibui akasema, "Zena alijua starehe, Mungu amrehemu. Miaka yote hii alala kwenye barafu na sisi twaungua." Wenzake wakaguna kumuitikia. Mimi nilikuwa nimetoka Tudor kwa tuktuk, sijatia hata chai kinywani, na ulimi wangu kwa kawaida haukai kitako. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimjibu, Salma akanitazama kutoka upande wa pili wa kitanda. Salma ndiye binti pekee wa marehemu. Alitikisa kichwa kidogo tu, niache. Nikaenda kumbusu halati yangu kwenye paji la uso, na paji lilikuwa baridi.

Neno hilo la starehe nililisikia kwanza katika nyumba hiyo hiyo, mwaka niliokaa hapo nikisoma kompyuta mjini. Nani alimuoa nani, na kwa nini sikukaa kwetu, hayo nayaacha. Kila ukoo una yake na hayana utamu kwa mgeni. Itoshe kwamba Halati Zena ni dada wa mama yangu, aliishi peke yake na mtoto katika nyumba ya kale ya mawe huku Mji wa Kale, orofa ya juu, na nilipopanda ngazi siku ya kwanza na begi langu, kabla ya salamu, kabla ya kuulizwa habari za safari, nilisikia sauti ndogo kutoka chumbani ikisema, "Mlango." Nikadhani nafukuzwa. Kumbe ndivyo walivyosalimiana watu wa nyumba ile. Ukiingia chumba cha Salma, ulifungua upenyo wa kupitisha kiuno tu, ukaingia ubavu, ukafunga. Ukisahau, mtoto alikukumbusha, na mtoto mwenyewe alikuwa na miaka sita.

Salma alizaliwa hatoki jasho. Si kwamba alitoka kidogo, hatoki kabisa. Daktari alieleza kuwa kuna vitu mwilini mwake havikuumbika, meno mengi yakiwamo, na nywele alikuwa nazo chache, laini, za rangi ya mchanga. Hayo ya meno na nywele halati hakuyajali. La jasho ndilo lililomnyima usingizi. Mtoto mwingine akipata joto huloa, akapoa, akaendelea kucheza. Salma joto lilimuingia likakaa. Ngozi yake ilikuwa kavu, na ukimshika mchana wa kaskazi uliondoa mkono. Daktari alisema hakuna dawa; dawa ni baridi, na mtoto huyu akichemka akaachwa, haamki. Basi halati akauza dhahabu yake ya arusi, akaziba madirisha ya chumba kimoja kwa mbao, akatia kiyoyozi. Mashine za namna ile zina sehemu mbili: moja ya ndani, inayotoa baridi, na sanduku la nje linalotupa joto. Hilo la nje lilitundikwa ukutani kwenye roshani ya nyuma, uso kwa uso na bahari, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine. Na upepo wa pale, anayeujua aujua. Kufuli zetu zilikuwa zikiota kutu kati ya kufungwa na kufunguliwa. Sindano ya cherehani ukiiacha kwenye kitambaa usiku, asubuhi imeacha doa.

Tulikula humo chumbani, juu ya mkeka, sote watatu, na mimi nimejifunika shuka. Mpaka leo nikila wali wa nazi wa moto naona kama kuna kitu kimepungua, kwa maana mwaka ule wote tulikula wali uliopoa na mchuzi wa papa ambao tui lake limeanza kuganda pembeni mwa sinia. Halati alikula vizuri, na hasa siku alizotoka kuosha maiti. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake: mwanamke akifa mitaa yetu ile, aliitwa Zena. Alirudi ananukia kafuri, akaoga, akabadili nguo, akaketi na kumega. Mimi kwa ujinga wa ujana nilitaka kujua habari, alikuwaje, alikuwa na nini mwilini. "Maiti hasemwi, Batuli," aliniambia, na huo ndio mwisho. Alichokubali kuzungumza ni maji tu. Kama yalitosha, kama yalikuwa ya uvuguvugu, kama wenyewe walifanya choyo. "Mtu akanyaga dunia maisha yake yote," alisema siku moja akichambua mwiba wa samaki, "na anaondoka na ndoo chache za maji. Si angalau yawe mazuri?" Salma alimsikiliza bila kutafuna. Kisha akasema, "Mashini yakohoa." Tukasikiliza. Chini yetu palikuwa na duka la misumari na rangi la Bwana Akbarali, Mhindi wa makamo, mtu wa swala tano na hasira za kutwa, na yeye alikuwa akikohoa tangu asubuhi hadi kufunga duka. "Ni Bwana Akbarali," halati akamwambia, na tukaendelea kula.

Aliyeifunga ile mashine ni fundi mmoja wa Majengo, Kazungu, Mgiriama mcheshi aliyependa kuongea kuliko kufanya kazi, ingawa kazi yake haikuwa mbaya. Alikuja nami nipo, mwanzo mwanzo wa mwaka, kuitazama. Alimuonyesha halati parafujo aliyoing'oa, imebaki nusu. "Bibi, hapa kwenu chuma hakizeeki. Chaliwa." Halati alikuwa ameishonea mashine vazi la turubai, lina vifungo na vyote, akamuonyesha kwa fahari. Kazungu akacheka. Alimwambia aivue, itakosa pumzi, joto litarudi ndani, bora mvuke wa chumvi kuliko hilo. "Wewe ioshe tu. Mara moja kwa wiki uimwagie maji taratibu kutoka juu, chumvi ishuke. Nyuma kule kwenye zile bati nyembamba nyembamba ndiko hasa."

"Maji tu?" halati akauliza.

"Maji tu. Sabuni usitie."

"Nikiiosha vizuri itaishi?"

"Itamuona Salma akiolewa," Kazungu alisema, akamkonyeza mtoto kupitia upenyo wa mlango, na mtoto akamwambia afunge.

Sijaona kazi ikifanywa kwa adabu kama ile. Kila Ijumaa asubuhi halati alikunja mikono, akapiga bismillahi, akaanza upande wa kulia wa lile sanduku, kisha wa kushoto, mara tatu, kwa kata, maji yakiteleza pole pole kwenye zile bati, na kitambaa laini kwenye pembe. Nadhani hakujua kuwa ameshika utaratibu wa kazi yake. Mikono ilikwenda yenyewe. Maji nilimletea mimi, kutoka kisima cha uani. Nyumba nyingi za kale zina kisima ndani, na yetu ilikuwa nacho, kirefu, chenye ukingo uliolika kwa kamba. Maji yake ndiyo tuliyoyafulia, tuliyoyadekia, tuliyoyaogea, na ndiyo yaliyobebwa mara nyingi kwenda kuoshea maiti wa jirani. Ya kunywa na ya chai yalikuja kwa mkokoteni, kwenye mitungi ya manjano, yakawekwa jikoni, na ole wako uonekane unanawia miguu. Hivyo ndivyo Mji wa Kale ulivyoishi na ndivyo unavyoishi mpaka leo nyumba zingine. Maji ni ya aina mbili, kila aina na kazi yake, na mtu hukua akijua hivyo kabla hajajua kusema. Kuosha ni kisima. Hakuna aliyekaa akafikiri.

Niliwahi kumsimulia mtu wa bara habari hii akacheka. Ati nyinyi hamkujua kwamba maji ya kisima chenu yana chumvi? Tulijua, bwana. Sabuni haikutoa povu, nywele zilikakamaa, na mgeni akiyasukutua alitema. Tulijua kama mtu anavyojua rangi ya mlango wake mwenyewe, na muulize ghafla uone kama atakujibu. Nilimwambia hivyo hivyo, na hatujazungumza naye vizuri tangu siku ile, wala sijamkosa.

Dalili zilikuwako. Hilo ndilo linaloniuma kila nikikumbuka roshani ile. Kwenye zile bati za nyuma palianza kuota unga mweupe, na halati akasema ni chokaa ya ukuta wa juu inapukutika, akauosha, na Ijumaa iliyofuata akaukuta umeongezeka. Akaongeza maji. Pembeni palikuwa na vyungu vyake vya maua. Mrehani, uliomwagiwa maji ya kisima, ulikuwa umeungua ncha za majani. Lakini mwasmini mmoja, uliokaa chini ya kijibomba kinachotoa maji ya sehemu ya ndani ya mashine, ulikuwa umetanda mpaka kwenye nguzo, na maua yake tuliyachuma tukayaweka kitandani. Mashine ile ilidondosha maji mchana kutwa, tone tone, na halati aliyaita jasho. "Salma hatoki jasho, mashini yamtokea," alisema, kwa mapenzi kabisa. Lakini aliyaona ni machafu, maji ya mashine, hayafai kwa lolote ila kumwagia ua lile. Sote tulikuwa tukiuona mwasmini ule kila siku, na kuusifu.

Siku moja nilikuwa roshani ya mbele naanika nguo, na chini kichochoroni wamesimama wanawake wawili wakisubiri duka lifunguliwe. Mmoja nilimjua, alikuwa Mwanaisha, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, aliyekula kwetu na kutusema kwake. "Chumba chake baridi kama mochari," alisema Mwanaisha. "Mwenyewe ashazoea, wallahi. Na ile mashini waijua yaoshwa vipi? Yaoshwa kama maiti. Kulia, kushoto, mara tatu." Mwenzake akacheka akasema, "Basi ataizika." Wakacheka wote. Nilisimama na nguo mbichi mikononi, maji yananitiririka mpaka viwikoni. Nilitaka kuwamwagia karai. Sikumwambia halati, na nikaanza tangu hapo kulala sikio moja liko kwenye mngurumo ule. Ulikuwa umebadilika kweli. Ulipanda ukashuka, ukakaa kimya kidogo, ukaanza tena kwa mtikisiko uliofanya vikombe vilivyopangwa kidakani ukutani vigongane. Salma alisema tena yakohoa, na siku hiyo Bwana Akbarali alikuwa amesafiri.

Halati akampigia Kazungu simu, akaambiwa yuko Malindi, atakuja akirudi. Kaskazi ilikuwa imeshika. Ile kaskazi ya katikati, upepo unavuma lakini haupozi, bahari inang'aa hata huwezi kuitazama, na kuta za mawe zimekunywa joto la wiki nzima zinalirudisha. Salma aliamka na homa. Mafua tu, ya kawaida, ambayo mtoto mwingine angepewa chai ya tangawizi. Halati alimtazama mtoto, akaitazama mashine, akaniambia niende zangu chuoni. Nilikwenda. Adhuhuri nikarudi mbio mbio, maana moyo haukutulia, nikapanda ngazi, nikafungua mlango wa chumba, nikaingia, nikasimama. Hakuna aliyeniambia nifunge.

Mashine ilikuwa inazunguka na inatoa upepo wa moto. Gesi yote ilikuwa imekwisha. Madirisha ya chumba kile yalizibwa kwa mbao, kwa hiyo kilikuwa kimegeuka tanuri, na halati alikuwa akijaribu kumtoa mtoto kumpeleka ukumbini, amemvika leso iliyoloa ambayo imeshapata moto. Ukumbini nako hakukuwa na nafuu. Salma alikuwa hasemi. Macho nusu wazi, midomo imekauka, na mwili mkavu, mkavu hata pale maji yalipopita. "Hospitali," nikasema. Halati akasema walikwenda mwaka uliopita, wakawekwa ukumbi wa kungojea, feni moja, watu kama utitiri, na mtoto alikaribia kufa kwenye benchi akingoja kuitwa jina. Kisha akasema, kwa sauti ya chini ambayo mpaka leo naisikia, "Mahali pa baridi mji huu napajua mimi. Huko simpeleki." Nilielewa ni wapi, na nikaanza kulia.

Bwana Akbarali ndiye aliyepanda ngazi. Nilikuwa nimelia kwa sauti, nadhani, akaja kulalamika. Huyu alikuwa mtu wa kutugombeza kila wiki kwamba maji yetu ya Ijumaa yanadondokea mlango wa nyuma wa duka lake. Alisimama mlangoni amevaa kofia yake ya dhahabu, anahema, akamuona mtoto. "Lete gari," alisema, kana kwamba anatuamrisha sisi, kisha akakumbuka kwamba gari ni lake. "Yangu ina esii, ina baridi. Leteni mtoto chini, mimi nafunga duka." Na alilifunga, saa ya biashara, jambo ambalo sikuwahi kuliona ila kwa swala.

Halati alikaa nyuma na Salma mapajani, mimi mbele. Tulikwenda Tudor kwanza, kwa daktari aliyemjua mtoto. Alitoka mwenyewe mpaka garini, akampima pale pale kwenye kiti, akampa dawa ya homa, akasema humu kliniki nina feni tu, kaeni naye humo humo garini mpaka homa ishuke, mlowesheni, na msizime. Basi hatukuzima. Gari lenyewe lilikuwa kuukuu, na likisimama foleni baridi ilikufa na mshale wa joto ukapanda, kwa hiyo Bwana Akbarali hakusimama. Tulikizunguka kisiwa. Tudor, Majengo, ambako nilishuka mbio kwenye kibanda cha Kazungu nikakikuta kimefungwa, kisha Liwatoni, ambako wapakuzi wa samaki walitutia barafu kwenye gunia bila kuuliza mengi, wakamtazama mtoto kidogo tu na kugeuza nyuso. Kisha tena. Gari lilinuka samaki na dawa. Kila tulipopita penye makaburi, Bwana Akbarali aliongeza mwendo.

Halati alikuwa akimpitishia mtoto kitambaa cha maji ya barafu. Nilikuwa nimegeuka nawatazama. Mkono wake ulianza bega la kulia, ukashuka ubavu wa kulia mpaka mguuni, taratibu, ukarudi juu, ukaanza kushoto. Alikuwa akinong'ona kitu. Aliporudi tena kulia, mara ya pili, mkono ukasimama angani. Aliutazama kama si wake. Akanitupia kile kitambaa mbele, kikanipiga kifuani. "Chukua wewe, Batuli. Mimi mkono wangu huu haufai." Tukabadilishana viti bila kusimamisha gari, mimi nikapenya katikati, naye akakaa mbele kando ya Bwana Akbarali, mikono yote miwili ameikalia. Nikamsugua mtoto ovyo ovyo, kichwa, miguu, tumbo, kwa makusudi, pasi mpango wowote, na nikimsugua nikamuomba Mungu asiutambue mwendo ule alioanza mama yake. Sijawahi kuogopa vile tena, na nimezaa, na nimezika.

Jua lilikuwa limeshalala upande wa Kilindini, hewa imepungua ukali, Bwana Akbarali akafungua kioo chake kidogo apate kukohoa nje. Nyuma, mapajani mwangu, sauti ndogo ikasema, "Nani kaacha mlango wazi?" Bwana Akbarali akapandisha kioo upesi kama mtoto aliyekamatwa. Halati hakugeuka. Mabega yake tu ndiyo niliyoyaona yakitikisika.

Usiku, homa imeshashuka, tulilala kwa daktari yule yule, na kesho yake Kazungu akaja. Alilifungua lile sanduku kwenye roshani, sote tumesimama. Zile bati za nyuma alizigusa kwa kidole, zikaanguka. Hazikuvunjika, zilimomonyoka kama biskuti iliyochovywa chai, na bomba la shaba lililokuwa nyuma yake lilikuwa na vitundu. Akageuka na uso wa lawama. "Bibi, hii hamkuiosha."

"Kila Ijumaa."

"Haiwezekani. Iliyooshwa haiwi hivi."

"Muulize Batuli ndiye aliyenichotea," halati alisema. Niliona neno lile la kuchota likimrudia. Aliinama, akaokota unga mweupe sakafuni, akautia ulimini. Akaenda mpaka kwenye ndoo niliyokuwa nimeiteka asubuhi, akachovya kidole, akaonja. Alikaa amechutama pale muda mrefu, kidole mdomoni. Kazungu alikuwa ameshaelewa naye, akaketi juu ya kisanduku chake cha vyombo. Kwao Majengo mafundi waliosha mashine kwa maji ya bomba, la kisima halikumpitia akilini. "Bibi, mimi nilisema maji," alisema polepole. "Ndiyo," halati akajibu. "Ulisema maji." Hakumlaumu zaidi ya hapo. Mimi ningemlaumu, nilikuwa na maneno yamejaa mdomoni, lakini nilitazama mtu aliyechutama pale na yote yakarudi yalikotoka. Alikuwa ameketi kila Ijumaa akimwaga chumvi kwa mkono wake juu ya uhai wa mwanawe, kwa adabu zote, mara tatu tatu.

Bwana Akbarali aling'oa kiyoyozi cha chumbani kwake, kule ng'ambo ya daraja ambako siku ile foleni isingetufikisha, tukafungiwa sisi. Halati alikataa, akaambiwa, "Chukua bwana, mimi nina jasho ya kutosha." Mashine hiyo haikugusa maji ya kisima. Kazungu, aliyekuwa sasa akija bila kuitwa, ndiye aliyesimama akiutazama mwasmini, akafuata kijibomba kwa macho, akaonja tone. Maji yale machafu ya mashine ndiyo yaliyokuwa matamu kuliko yote nyumbani, kuliko hata ya mkokoteni. Tangu siku ile tuliyakinga kwenye ndoo, na kila Ijumaa mashine ikaoshwa kwa jasho lake yenyewe.

Lakini halati hakuosha maiti tena kaskazi ile. Waliokuja kumuita aliwaambia anaumwa. Alikaa chumbani na Salma, akiitazama mikono yake, na chakula akawa anamega kidogo. Kusi ilipoingia na mvua, ndipo Mwanaisha, yule wa kichochoroni, alipofiwa na bintiye mdogo wa mwisho. Alikuja mwenyewe, amepanda ngazi zote zile, akasimama mlangoni pa chumba cha baridi. Halati alimtazama. Akavaa buibui lake. Nilikwenda naye kumshikia vyombo, na kabla hajamwaga tone la kwanza nilimuona akichovya kidole ndani ya ndoo na kuonja. Mwanaisha aliona pia. Tangu hapo hakuosha mtu bila kuonja, na mjini ikawa watu wanasema Zena ana kaida zake, na mimi nikawaacha waseme.

Basi starehe. Siku ya maziko ya halati, wanawake walipotolewa chumbani, tukabaki Salma na mimi na mwoshaji mwingine mmoja. Salma sasa ni mtu mzima, ana kazi, ana meno mazuri ya kununua ambayo anapenda kuyatania mwenyewe. Ameolewa. Kazungu, ambaye sasa amezeeka, alikula biriani ya arusi ile mara mbili. Maji ya kuoshea yalikuwa yameshaletwa, ndoo kwa ndoo, na majani ya mkunazi na kafuri. Salma akatoka roshani akarudi na ndoo moja yake, imefunikwa kitambaa cheupe. "Mama aliniambia nisiwe na haya kuileta," alisema. "Nimemuuliza shekhe. Asema ni maji kama maji mengine." Nilijua ni ya wapi kabla hajafunua. Yalikuwa yamedondoka kwenye mashine tone tone siku zote mama yake alizokuwa mgonjwa, chini ya mwasmini, na Salma ameyakinga yote.

Aliichukua kata. Mlango ulikuwa umebaki wazi kidogo nyuma yangu, nikaufunga. Salma akachovya kidole, akakitia ulimini, akanisogezea ndoo nionje na mimi. Nikaonja. Kisha tukaanza upande wa kulia.